Kiti cha Nyuma

Jumatatu moja, baada ya miaka tisa ya kusafiri pamoja kwenda kazini, mke wangu alihamia kwenye pikipiki ya mwanamume mwingine. Sikuporwa mke. Jioni alirudi nyumbani kama kawaida, akapika, akanigombeza kwa kuacha ndala katikati ya mlango. Alichohama ni kiti tu. Lakini mtu akihama kiti katika mji mdogo kama Ifakara, wanaomwona hawaulizi kiti kina nini.

Sote wawili tunafanya kazi katika kijiji kimoja, mbele kidogo ya Idete. Mimi nafundisha shule ya msingi, yeye ni nesi katika kituo cha afya. Tulikuwa tunatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kwenye pikipiki yangu nyekundu ya Kichina, niliyoinunua mkononi kwa mtu, na tunafika saa moja. Barabara ile ni ya vumbi nusu mwaka na ya tope nusu mwaka. Katikati hapo zipo kama wiki mbili ambazo ni nzuri, na ndizo wiki ambazo greda hupita kuichimbua.

Saa ile moja ndiyo iliyokuwa ndoa yetu. Nyumbani kwetu hapazungumzwi. Kuna watoto watatu, kuna mama mkwe ambaye masikio yake hayajazeeka, kuna redio yake ambayo imezeeka, na kuna jirani anayekuja kuomba chumvi na kukaa mpaka chumvi isahaulike. Kwenye pikipiki tulikuwa wawili. Yeye aliongea karibu na sikio langu la kulia, mimi nilijibu kwa kugeuza shingo kidogo bila kumwona. Kiwanja chetu tulikubaliana kukinunua kabla ya kufika kwenye njia ya reli. Jina la mtoto wa tatu tulilipata nikiwa nimeshika klachi, tunasubiri ng'ombe wa Wasukuma wavuke barabara. Aliponiambia kwamba baba yake hatapona, nilikuwa natazama mbele, nakwepa shimo. Nilimwambia pole, na nilipolikwepa lile shimo nikamwambia tena.

Tatizo lilikuwa kiti. Sponji lake lilikufa zamani, hasa upande wa nyuma, likabaki jembamba kama chapati ya jana. Chini yake kuna bati, na bati limefungwa kwa bolti ambayo kichwa chake kimejitokeza mahali pabaya kabisa. Mke wangu alianza kwa kukunja kitenge na kukikalia. Baadaye akaongeza kingine. Kisha nikaona kwamba jioni anakula amesimama, sahani mkononi, anajifanya anachungulia watoto nje.

"Baba, kile kiti kitaniua," alisema.

Nikamwambia mvumilivu hula mbivu. Akasema hizo mbivu zenyewe basi atazila akiwa amesimama.

Mimi si bahili. Mimi ni mtu anayependa kuhakikisha kwamba kitu kilichopo kimeshindwa kweli kabla ya kununua kingine. Uhakiki wangu huo ulichukua miaka miwili, na ulipokuwa unakaribia mwisho mke wangu akahama. Aliyempakia ni dereva wa bodaboda, baba wa watoto wawili, niliyemfundisha mwenyewe darasa la tano. Hakuwa mwanafunzi mzuri wa hesabu. Lakini kiti cha pikipiki yake kilikuwa chekundu, kina nakshi ya nyuzi nyeupe, kimeumuka kama andazi.

Nikaamua kukitengeneza changu. Mimi ni mtoto wa mkulima wa mpunga, na penye mpunga pana pumba. Nyuma ya mashine ya kukoboa kuna kilima cha pumba ambacho mwenye mashine anakushukuru ukikipunguza. Nilijaza kiroba kidogo, nikakishona kwa sindano ya magunia, nikafungua ngozi ya kiti, nikalaza kiroba juu ya bati, nikafunga tena. Kazi yote ilichukua Jumapili moja, na haikunigharimu chochote zaidi ya ibada.

Pumba zina tabia nzuri. Ukizikalia zinasogea, zinatafuta umbo lako, kisha zinatulia. Mke wangu alikijaribu siku iliyofuata. Tulipofika alishuka, akanyoosha mgongo, akafikiri.

"Afadhali," alisema.

Sijawahi kufurahia neno hilo kama siku ile. Wiki nne tulisafiri pamoja, tukazungumza ada, tukazungumza paa la choo, tukamsengenya ndugu yangu mmoja kuanzia Idete hadi mjini.

Kisha masika yakaanza. Maji yaliingia kupitia matundu ya sindano yangu. Kwanza kiti kikanenepa, na mimi nikaona ni heri. Halafu kikaanza kunuka pombe, ile ya kienyeji, ya siku ya tatu. Nesi akishuka asubuhi mbele ya kituo cha afya huku ananuka pombe, akina mama waliokaa kwenye benchi na watoto wao wana la kusema, na walilisema. Nami nilikuwa nikimsihi avute subira, jua litawaka, kitakauka.

Jua liliwaka. Asubuhi moja wakati wa mapumziko niliwakuta wanafunzi wamezunguka pikipiki yangu, wametulia kuliko wanavyotulia darasani. Kwenye mshono wa kiti, mstari mzima, palikuwa na majani mabichi membamba, marefu kama kidole. Mashine zile kuukuu hazikoboi punje zote. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimewafundisha kwamba mbegu inahitaji maji, hewa na joto ili iote. Maji yalitoka kwa Mungu, hewa ilipita kwenye matundu, joto tulitoa sisi wawili. Hakuna mwanafunzi aliyekosa swali hilo kwenye mtihani.

Saa tisa mke wangu alikuja kupanda. Akautazama mpunga, akanitazama mimi. Bodaboda wa kiti chekundu alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na injini inanguruma.

"Ukivuna niite," alisema, akavuka barabara.

Tangu siku hiyo nilisafiri peke yangu juu ya bati. Mara nyingi nilijikuta nyuma yao, ninakula vumbi lao au tope lao, ninamwona mke wangu amemwinamia yule dereva sikioni, anaongea, na yule dereva anageuza shingo kidogo kujibu. Niliona wivu. Nausema wazi, maana nimeshajaribu kuuita kwa majina mengine na haukukubali. Sikuwa na wasiwasi kwamba atanikimbia. Nilikuwa na wivu wa hayo maneno, kwamba yalikuwa yangu na sasa yanaishia kwenye sikio jingine.

Kisha siku moja mtu huyo akanifuata shuleni wakati wa chai, akavua kofia.

"Shikamoo, mwalimu. Nimekuja kukupa hongera."

"Marahaba. Hongera ya nini?"

"Ya mama. Kupata chuo si mchezo. Morogoro, miaka miwili! Ila amesema barua inatakiwa ijibiwe kabla ya mwisho wa mwezi, na yeye bado hajapata nafasi ya kukuambia." Hapo akasikia alichokisema. Akavaa kofia. "Labda ningenyamaza, mwalimu."

Nikamwambia asante, najua habari hiyo. Nilirudi ofisini nikasahihisha madaftari yote ya darasa la sita, na kesho yake ikabidi niyasahihishe tena.

Jioni ile nilikusudia kumwuliza. Tulikaa sebuleni. Redio ilikuwa inatangaza vifo, mama mkwe anasikiliza kama kuna wa kwao. Mke wangu alinitazama, akafungua kinywa, akakifunga. Nami nilifungua changu, nikaomba maji ya kunywa. Tulikuwa tumezoea kuzungumza bila kuonana, na sasa tulikuwa tunaonana. Ziliendelea kupita siku. Mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi, na mimi nilijua kwamba bila ile saa ya barabarani mke wangu atajibu barua ile peke yake, au ataiacha ipite kimyakimya, na sikujua ni lipi baya zaidi.

Karibu na soko yupo fundi anayeshona masofa na viti vya pikipiki, ambavyo yeye anaviita siti. Ni mtu mzima, mkimya, ana kisu kirefu kilicholiwa na jiwe la kunolea hadi kimekuwa uzi. Nilimpelekea pikipiki nikamwonyesha upande wa nyuma. Hakukigusa kiti.

"Anayekaa hapa yuko wapi?"

"Kazini."

"Siti ya nyuma siikati bila mwenyewe. Mwenyewe asipokuwepo, apakiwe mwenye pikipiki. Wewe umeshapakiwa kwenye pikipiki hii?"

"Ni yangu. Nitapakiwa na nani?"

"Na mimi. Panda."

Huo ndio utaratibu wake, na haupindishi hata kwa mwalimu. Nikampa ufunguo, nikapanda nyuma. Alinipeleka kwa barabara yetu ileile mpaka kwenye njia ya reli, akageuza, akanirudisha. Hakwenda kasi.

Ukikaa mbele unaliona shimo, unalikwepa, au unanyanyuka kidogo kwa miguu kabla ya kulifikia. Nyuma hulioni. Unaona mgongo wa mtu. Shimo unaarifiwa likishakufika, na linakufikia mahali pale palipo na ile bolti. Magoti yanakosa pa kwenda. Ukitaka kuongea unauma ulimi, kwa hiyo unajifunza kuongea kati ya shimo na shimo. Nilikumbuka jina la mtoto wetu, kiwanja, baba mkwe. Miaka tisa yule mwanamke alikuwa ananisimulia maisha yake akiwa juu ya bolti, nami namwambia avumilie. Niliona aibu kiasi kwamba nilipoteremka nilishindwa kumtazama fundi. Mchana ule kwa mama ntilie nilikula wali nimesimama.

Baada ya hapo fundi akazungumza. Alisema watu wanakosea kutafuta ulaini. Kiti laini kuanzia juu hadi chini kinakudanganya siku ya kwanza, kisha unakizama mpaka kwenye bati. Chini panataka kitu kigumu, tena kisichooza, kama nyayo za ndala kuukuu, zilizokatwa na kubandikwa kwa gundi, na pale penye bolti unaacha tundu ili bolti ikae peke yake na ubaya wake. Katikati, sponji gumu. Juu kabisa, nene vidole vinne, sponji la godoro zuri. Kisha nailoni, ili mvua isipite. Kisha ngozi. Na upande wa nyuma uinuliwe kidogo, ili abiria asiteleze kumwelemea dereva kila akikanyaga breki.

Alinitajia bei ya vyote. Nikazihesabu noti zangu ndani ya mfuko bila kuzitoa.

"Vingine vipo hapa, mabaki ya masofa," alisema. "Ndala utatafuta. Godoro ndilo sina. Lete lako, lakini liwe godoro la kweli."

Ndala nilizipata, nyumbani kwetu zimejaa mlangoni. Godoro lilikuwa suala jingine. La watoto limeshabonyea, la mama mkwe ni la pamba. Godoro la kweli katika nyumba yangu ni moja, lile tulilopewa siku ya harusi na ndugu wa mke wangu, ambao hadi leo wakija huingia chumbani kuliangalia.

Jumatano jioni alipokwenda mazoezi ya kwaya nilifunga mlango wa chumba. Nilitumia rula ndefu ya ubaoni na kisu cha jikoni. Nilikata upande wangu, miguuni, kipande cha kutosha kiti kizima cha nyuma, nikatandika shuka, nikatoka na kile kipande ndani ya mfuko wa mbolea, nikimsalimia mama mkwe kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Usiku ule miguu yangu ililala ghorofa ya chini.

Asubuhi mke wangu alikuwa anatandika kitanda. Mkono wake ukazama upande wa miguuni.

"Hapa palikuwa na godoro," alisema.

"Lilikuwepo."

"Liko wapi?"

"Kwa fundi wa viti."

Alisimama pale na shuka mkononi. Nilingoja kusikia habari za ndugu zake. Badala yake alifungua kabati, akatoa koti langu la baridi, akalikunja vizuri, akaziba lile shimo, akatandika juu yake. Nadhani angesema kitu, lakini mama mkwe alipita dirishani na ndoo, akasimama kupumzika palepale.

Ijumaa mke wangu alikuwa na zamu ya usiku. Jumamosi asubuhi nikaenda kumchukua na kiti kipya. Bodaboda wa kiti chekundu alikuwa ameshafika getini. Mke wangu alitoka amechoka, macho mekundu, amejifunga kitenge mabegani. Alituangalia sote wawili. Kisha akaja kwangu, akabonyeza kiti cha nyuma kwa kiganja, pole pole, sehemu tatu tofauti, kama anavyobonyeza tumbo la mgonjwa. Akapanda. Yule dereva akawasha pikipiki akaondoka bila kinyongo, naye nilimwona ni kijana mwema tangu darasa la tano.

Nilikuwa nimeiandaa hotuba yangu siku nne. Nilingoja tupite nyumba za mwisho za kijiji, nikageuza shingo kidogo, nikaanza. Nikamwambia habari ya chuo nimeipata. Nikamwambia nimeumia kuipata kwa mtu baki, lakini kosa ni langu, nimekaa nyuma siku hizi, nimeona. Nikamwambia aende. Watoto nitabaki nao, mama yake yupo, ugali najua kuusonga, nywele za binti nikishindwa kuzisuka tutazinyoa. Nikamwambia miaka miwili si mingi. Hapo sauti ilinikatika kidogo, nikasingizia vumbi, ingawa mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Hakujibu. Nikajua amekasirika, au analia. Nikarudia sehemu ya ugali. Ndipo kitu kizito kikanigonga mgongoni, kikabaki hapohapo. Kilikuwa kichwa chake na kofia yake. Mke wangu amelala.

Usiku ule alikuwa amezalisha wanawake wawili. Zamu kama hizo amezifanya mara nyingi, na mara zote alirudi macho makavu mpaka nyumbani, kwa sababu kwenye kiti kile cha zamani hakuna binadamu ambaye angeweza kulala. Nilipunguza mwendo. Akaanza kuegemea upande wa kulia, ananivuta na mimi. Nikasimama, nikaweka miguu yote chini, nikavuta taratibu kile kitenge kilichokuwa mabegani mwake, nikakipitisha nyuma ya mgongo wake na chini ya makwapa yake, nikakifunga kifuani kwangu kwa fundo la kubebea mtoto. Nikaondoka kwa gia ya pili.

Mfugaji mmoja mzee wa Kisukuma alikuwa kando ya barabara na ng'ombe wake. Alituangalia tukimkaribia, akaangalia fundo, akamwangalia aliyebebwa.

"Mwalimu, mtoto huyo ana miezi mingapi?"

"Usipige kelele, mzee wangu," nilisema. "Ndiyo kwanza amelala."

Hata ng'ombe wake aliwanyamazisha. Mjini walinicheka kuanzia mwanzo wa maduka. Nilipofika kwenye njia ya kuingia kwetu sikukata kona. Nilinyoosha, nikazunguka mji, nikarudi, nikazunguka tena. Mara ya tatu mafuta yakaanza kuisha, nikasimama chini ya mwembe wa watu na kuzima injini. Kimya kikamwamsha.

"Umenifunga?"

"Ulikuwa unaanguka."

Akafungua fundo mwenyewe, akashuka, akaja mbele, akasimama akinitazama.

"Nilisikia unasema kitu."

"Nilikuwa nasema."

"Sema."

Hotuba yote ilikuwa imeishia barabarani. Sikuwa na shimo la kukwepa, wala ng'ombe wa kusubiri. Miaka tisa mambo yangu yote makubwa nilikuwa nimeyaambia barabara.

"Nenda," nilimwambia.

Akaanza kukikunja kitenge. Nikamwuliza mbona alimwambia dereva wa bodaboda kabla yangu.

"Yule akikataa siumii," alisema. "Siishi naye."

Kisha akalia, akiwa amesimama pale njiani na kitenge mkononi, nami nikalia pia, ila mimi nilikuwa bado nimevaa kofia.

Sasa yuko Morogoro, muhula wa pili. Binti tulimnyoa wiki ya kwanza. Jumapili mke wangu hupiga simu, tunasalimiana, kisha mama mkwe huichukua simu. Asubuhi nasafiri peke yangu ile saa nzima, na kiti cha nyuma kiko vilevile kilivyotoka kwa fundi, hakijabonyea hata kidogo, kwa sababu hakikaliwi. Wiki iliyopita mwalimu mkuu aliharibikiwa na pikipiki akanisimamisha karibu na Idete, na mkuu hakataliwi. Aliposhuka alikipapasa kiti, akasema tangu azaliwe hajapakiwa raha kama hiyo, na kwamba kesho atanisubiri palepale. Nikamwambia asikizoee. Mwenyewe anarudi.